Pipa la Veyula: kwa nini sabuni nzuri ilikatika

Kikundi hiki cha akina mama kipo Veyula, nje kidogo ya jiji la Dodoma kwenye barabara ya kwenda Kondoa na Arusha. Wanatengeneza sabuni ya mche kwa mafuta ya alizeti, na sabuni ya maji ya matumizi yote, ile inayouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa zilizotumika, zimepangwa mbele ya genge na rangi zake za kijani na zambarau. Wateja wao wakubwa ni mama ntilie wa barabarani, vijana wa kuosha magari na hosteli moja ya wanafunzi. Biashara ilikwenda bila kelele hadi kiangazi kimoja, kelele zikaja kwa mpigo.

Mama ntilie alirudisha vipande vya mche akisema havitoi povu na vinaacha utando mweupe kwenye masufuria. Hosteli walilalamika kwamba sabuni ya maji imekuwa nyepesi, inakimbia kwenye sponji. Muosha magari alionyesha mikono iliyokauka na kupasuka. Halafu pipa la lita 200, lililotengenezwa kwa ajili ya oda, likakatika kama maziwa: mabonge meupe juu, maji ya rangi ya zambarau chini, na povu hakuna.

Ndipo wakaniita. Baada ya mbukwenyi, salamu ya Kigogo, na kikombe cha chai, mwenyekiti wao hakuzunguka, akaanza na salfoniki, ile asidi inayotengenezewa sabuni ya maji.

"Mwalimu, tumeuziwa salfoniki feki. Twende wote dukani ukamweleze yule kijana kitaalamu, aturudishie hela yetu."

"Sawa mama, tutakwenda. Ila naomba kwanza nione daftari lenu."

Daftari ndilo lililomwokoa yule kijana wa duka. Mweka hazina alikuwa ameandika kila pipa: tarehe, vipimo, bei ya malighafi, nani alikoroga. Ndoo ya salfoniki iliyotengeneza pipa lililokatika ndiyo hiyohiyo iliyotengeneza mapipa ya kabla yake, ambayo hakuna hata moja lililokatika. Salfoniki haiwi feki katikati ya ndoo.

Vilivyobadilika vilikuwa vingine. Walikuwa wameacha maji ya bomba na kuhamia kisima kirefu kilichochimbwa kwenye kiwanja cha mwanachama mmoja, na mama ntilie naye akaanza kuchota hapohapo. Walikuwa wameongeza CDE, kioevu cha kuongeza povu na uzito, pamoja na chumvi. Kikombe cha kupimia soda ashi, unga wa alkali unaomaliza ukali wa asidi ya salfoniki, kilivunjika, kikanunuliwa kingine kikubwa zaidi. Na mwanachama aliyerudi kutoka Dar alikuja na wazo la sabuni ya "mbili kwa moja", ya kufua na kulainisha nguo papo hapo, kwa hiyo kwenye pipa la oda wakamimina madumu ya kilainisho cha nguo, kile ambacho mtaani huitwa komfoti hata kikiwa cha chapa gani.

Kwa maoni yangu, kikundi kilipotea pale kilipoyachukua malalamiko manne kuwa lalamiko moja. Kila moja lilikuwa na chanzo chake, na vyanzo vyote vinaeleweka ukishajua sabuni imeundwaje.

Kichwa na mkia

Vitu vinavyofanya kazi ndani ya sabuni, shampuu, dawa ya meno na kilainisho cha nguo huitwa safaktanti. Zote zina mkia na kichwa. Mkia ni mnyororo wa kaboni, mara nyingi 12 hadi 18, unaopenda mafuta na kukwepa maji. Kichwa kinapenda maji. Zikiingia kwenye maji, za kwanza hukimbilia juu na kupanga mikia yao hewani, na mvutano wa uso wa maji unashuka kutoka kama milinyutoni 72 kwa mita hadi karibu 30. Hapo maji yanalowanisha kitambaa au bamba la mafuta, hayasimami tena juu yake kwa matone.

Uso ukijaa, zinazobaki hujikusanya ndani ya maji, mikia ndani, vichwa nje. Makundi hayo ni miseli, na ndiyo yanayobeba mafuta ya sufuria kuyatoa nje. Kwa sodiamu laurili salfeti, iliyomo kwenye dawa nyingi za meno, miseli huanza kujikusanya kwenye gramu 2.3 hivi kwa lita moja ya maji. Povu ni jambo la pembeni: ni hewa iliyonaswa ndani ya utando wa maji na safaktanti. Sabuni za mashine za kufulia hutengenezwa makusudi zisitoe povu jingi, na nguo zinatakata vizuri tu. Nilipolisema hili mwenyekiti alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, mteja hanunui miseli. Ananunua povu." Biashara anaijua yeye, sikubishana.

Aina hutofautiana kwenye kichwa. Chenye chaji hasi ni cha anioniki: sabuni ya mche, salfoniki ikishapozwa, yaani asidi yake ikishamalizwa na soda ashi, na slesi, safaktanti nyingine ya sabuni ya maji na shampuu. Chenye chaji chanya ni cha kationiki, na humo mna vilainisho vya nguo, kondishena za nywele na baadhi ya dawa za kuua vijidudu. Kisicho na chaji ni cha nonioniki, kama CDE ya kwenye sabuni ya maji. Kisha kuna amfoteriki, zenye chaji zote mbili kwenye kichwa kimoja; tego, ambayo akina mama waliijua kwa bei yake kubwa zaidi ya kitu kingine chochote, ni ya kundi hili.

Nonioniki ni nyingi kuliko tunavyodhani, maana hazitoi povu la kujionyesha. Ziko kwenye aiskrimu na mkate kwa jina la E471, zikishikanisha mafuta na maji visiachane. Ziko hata kwenye zabibu za Dodoma, kwa mlango wa nyuma. Tunda la zabibu na jani lake vina nta, dawa ya maji ikipuliziwa hujikunja kuwa matone na kudondoka. Kwa hiyo salfa ya unga ya kuzuia ubwiri unga hutengenezwa ikiwa na safaktanti ndani yake, ya kuuwezesha unga kulowa na kutawanyika ndani ya bomba la kupulizia, na mkulima mara nyingine huongeza kilowanishi, mara nyingi cha nonioniki, cha kushikisha dawa kwenye jani. Wanaomimina sabuni ya maji ya kuoshea vyombo badala yake hujaribu bahati, kwa sababu soda iliyozidi na chumvi iliyomo huweza kuunguza majani machanga.

Kisima na sufuria za mama ntilie

Jaribio la kwanza halikuhitaji maabara. Nilichukua chupa tatu ndogo zinazoangaza. Moja nikatia maji ya kisima, ya pili maji ya bomba, ya tatu maji safi ya kuongezea kwenye betri ya gari, yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Haya ni maji yaliyotolewa madini. Asidi ya betri ni kitu kingine kabisa, na wasiojua wasiyachanganye. Kwenye kila chupa nilikata kipande cha mche cha ukubwa wa punje ya mahindi, nikawapa akina mama watatu watikise pamoja.

Ya maji ya betri ilijaa povu hadi shingoni. Ya bomba ilisitasita, povu likaja. Ya kisima haikutoa kitu. Maji yaligeuka ukungu, vipande vidogo vyeupe vikaelea, na chupa ilipolazwa ukabaki utando kwenye ukuta wake. Mama ntilie, aliyekuja kuangalia, alipitisha kidole ndani ya shingo ya chupa na kusema, "Ndiyo huu huu wa sufuriani."

Maji ya kisima yana kalsiamu na magnesiamu. Kichwa cha sabuni ya mche, chenye chaji hasi, kinaishika kalsiamu kwa nguvu kuliko sodiamu iliyokuja nayo, na kinachopatikana hakiyeyuki. Ule utando ni sabuni iliyokufa. Sabuni haianzi kusafisha mpaka imalize kuishika kalsiamu yote ya kwenye ndoo, na hesabu yake inauma. Tuseme maji yana ugumu wa miligramu 400 kwa lita, ukipimwa kama kalsiamu kaboneti; kuanzia 180 maji huhesabiwa kuwa magumu sana. Ndoo ya lita 20 ina gramu 8. Kuzimaliza kunahitaji karibu gramu 50 za sabuni, yaani nusu ya kipande cha kuogea cha gramu 100, kabla sufuria moja haijaguswa.

Kwa hiyo mche wa kikundi haukubadilika. Kilichobadilika ni maji ya mteja. Na hata maji ya bomba ya jiji si ya mvua: kwa miongo mingi Dodoma imekunywa kutoka kwenye visima vya bonde la Makutupora, eneo la Mzakwe. Ndiyo maana chupa ya pili ilisitasita.

Alizeti nayo ilichangia. Mafuta yake yana asidi ya linoleiki kwa wingi, yanatoa sabuni laini, ya povu dogo, inayowahi kunuka ikikaa. Mise, mafuta ya kokwa la mchikichi yanayotoka Kigoma, yana asidi ya lauriki kama nazi, na mche wake hutoa povu la haraka. Nilishauri wachanganye, alizeti isiachwe kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, kutoka hapa na Singida. Lakini niliwaambia pia kwamba mise haiponyi ugumu wa maji. Itakatika nayo kwenye kisima kile, ila itakawia kidogo.

Kinachoponya ni kuitoa kalsiamu. Ile ndoo ya lita 20 ikitiwa gramu 8 na nusu hivi za soda ashi, ikakorogwa na kuachwa itulie, kalsiamu hushuka chini kama chaki. Maji hayo ni ya kufulia na kulowekea, si ya kunywa, na nguo za hariri au sufi hayafai. Kuchemsha husaidia nusu tu ya tatizo, maana huondoa ugumu wa baikaboneti na kuacha ule wa salfeti na kloraidi. Sabuni za unga za viwandani hubeba kinga yao ndani: soda ashi, zeolaiti au fosfeti, ndipo safaktanti yenyewe.

Tulirudia jaribio kwa matone ya sabuni ya maji badala ya mche. Chupa zote tatu zilitoa povu, la kisima likiwa fupi kidogo. Salfoniki huvumilia kalsiamu zaidi ya mche, na slesi huvumilia zaidi ya salfoniki, kwa sababu kichwa chake cha salfeti kina kipande cha ithoksi kinachokizuia kung'ang'aniwa. Mbele ya akina mama hilo lilikuwa shahidi la pili: salfoniki ya dukani ilikuwa nzima.

Pipa lenyewe

Tulichukua glasi tatu za maji ya betri ili kisima kisilaumiwe. Ya kwanza tukatia salfoniki iliyopozwa, ya pili slesi, ya tatu CDE peke yake, zote zikaonekana safi. Kisha kijiko kimoja cha kilainisho cha nguo kwa kila glasi. Mbili za kwanza zilibadilika papo hapo, mawingu meupe yakashuka, baadaye mabonge. Ya CDE ilibaki kuwa maziwa mepesi tu ya kilainisho chenyewe, bila bonge.

Kilainisho ni kationiki. Kichwa chake chanya kilikutana na kichwa hasi cha salfoniki, chaji zikafutana, na kilichobaki ni mikia miwili iliyoungana isiyo na sababu ya kukaa kwenye maji. Pipa halikuoza wala halikuchanganywa vibaya. Akina mama walinunua vitu viwili vizuri na kuvitumia kuuana, kisha wakamlaumu muuzaji wa kimoja.

Mwanachama wa Dar alikuwa na swali zuri: mbona madukani kuna shampuu za mbili kwa moja, na sabuni za unga zenye kilainisho ndani? Zipo kweli. Shampuu za namna hiyo hutegemea silikoni na polima zenye chaji chanya chache zilizotawanyika, zinazotua kwenye nywele wakati wa kusuuza. Baadhi ya sabuni za unga hutumia udongo wa bentonaiti ambao hulala juu ya nyuzi. Hakuna anayemimina dumu la kationiki ndani ya dumu la anioniki. Ndiyo sababu kondishena hupakwa shampuu ikishatoka, na kilainisho hutiwa kwenye maji ya mwisho ya kusuuza.

Jambo hilohilo lina uzito zaidi kwenye dawa. Mwaka 1935 Mjerumani Gerhard Domagk alieleza uwezo wa benzalkoniamu, kationiki, kuua bakteria, na mpaka leo imo kwenye vitakasa mikono visivyo na spiriti na dawa za kupangusia meza. Savlon inayojulikana hapa ina setrimaidi na kloheksidini, zote za chaji chanya. Ukiosha kidonda kwa sabuni usiisuuze, kisha ukatia dawa hiyo, sehemu yake inakufa kabla ya kukutana na kijidudu. Niliwaeleza hili kwa urefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu mmoja wao alikuwa na mpango wa sabuni ya maji "yenye dawa" kwa hosteli, na angetia benzalkoniamu kwenye salfoniki.

Wepesi na mikono

Malalamiko mawili yaliyobaki hayakuchukua muda. Sabuni ya slesi na salfoniki huwa nzito kwa chumvi: chumvi hupunguza msukumano wa vichwa, miseli zinarefuka na kusokotana. Chumvi ikipita kilele, uzito unaanguka, na kila kijiko cha ziada kinaifanya sabuni kuwa nyepesi zaidi. CDE nayo husogeza kilele karibu. Kikundi kilipoona sabuni ni nyepesi kiliongeza CDE, kikaongeza chumvi, na maji ya kisima yalikuja na chumvi yake kidogo. Walikuwa upande wa pili wa kilima wakiendelea kuongeza chumvi. Dawa yake ni kuchota lita moja kabla ya chumvi, kutia kidogo kidogo, kuandika kiasi ambacho uzito ulikuwa juu kabisa, na kuishia chini kidogo ya hapo. Sabuni inapimwa ikiwa imepoa, maana chini ya bati la Dodoma saa nane mchana sabuni yoyote ni nyepesi.

Mikono ilikuwa ya kikombe. Kilo moja ya salfoniki ya asilimia 96 hupozwa na gramu 160 hivi za soda ashi. Kikombe kipya kilitoa zaidi, na kwa kuwa soda ashi ikikutana na salfoniki hutoa mapovu ya kaboni dayoksaidi, mkorogaji huona mapovu na kufikiri sabuni imeiva. Karatasi ya kupimia pH, kipimo cha asidi na alkali ambacho 7 ni katikati, ilionyesha 10 na ushee. Sabuni ya kushikwa mkononi siku nzima inatakiwa ikae karibu na 7 hadi 8. Mizani ndogo ya jikoni ni nafuu kuliko dumu moja linalorudishwa. Na kwa kuwa salfoniki ni asidi kali, glavu na miwani si mapambo. Mkorogaji wao alikuwa na kovu kwenye kiganja na hakuwa amesema kwa mtu.

Kilichoamuliwa

Maji ya kukorogea yamerudi kuwa ya bomba, na ya mvua msimu wake ukifika. Kisima kinasuuza mapipa. "Mbili kwa moja" imekufa. Hosteli itauziwa sabuni na kilainisho, chupa mbili, na maelekezo ya kutia cha pili mwishoni. Vijana wa magari wanatengenezewa sabuni yao yenye tego badala ya sehemu ya CDE, kwa kuwa tego hupunguza ukali wa anioniki mkononi na kushikilia povu. Nilikuwa na sababu nyingine ya kuipunguza CDE: IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeiweka kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Bei ya tego ilizua ubishi wa nusu saa. Wakakubaliana kuongeza bei ya chupa kwa wenye magari peke yao, mama ntilie asiguswe. Mama ntilie mwenyewe aliondoka na kifuko cha soda ashi na kijiko cha kupimia.

Mwenyekiti anataka nembo ya TBS, shirika la viwango. Nilimwambia aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, na kwamba atakachoulizwa kwanza ni kama pipa la leo linafanana na la mwezi uliopita. Daftari wanalo, mizani watanunua.

Pipa lililokatika lilitugawa. Kwenye glasi tulifanikiwa kuyeyusha mabonge kwa kuongeza slesi nyingi, ila mweka hazina alipiga hesabu na kukuta kwamba slesi hiyo ingetengeneza pipa jipya na chenji ikabaki. Wengine walitaka limwagwe korongoni. Nilikataa, kwa sababu kationiki ni sumu kwa viumbe wa majini hata ikiwa imeshikwa nusu. Mwenyekiti alitaka liuzwe nusu bei kwa wasugua sakafu, bila lebo. Mweka hazina alisema kitu kisicho na lebo kikirudi hakuna wa kukipokea. Mwishowe lilifunikwa, likasukumwa nyuma ya stoo kwa ajili ya kusugulia sakafu ya karakana yao wenyewe.